Huzuni inayofika kwenye sebene

Tangu masika yaanze nimekuwa nikiandika daftarini, karibu kila usiku, wimbo niliousikiliza kabla ya kulala na hali niliyoamka nayo asubuhi. Sina utaalamu wowote wa saikolojia. Nilitaka tu kujua kama ile kauli ninayoisikia mara kwa mara hapa Mwanga, mjini Kigoma, kwamba nyimbo za majonzi humharibu mtu akili, ina ukweli wowote. Kwa kadiri daftari linavyonionyesha, kauli hiyo inamsingizia asiye na kosa: kinachonielemea si huzuni iliyomo ndani ya wimbo, bali ni kuunyima wimbo nafasi ya kuisha.

Sisi tuliokulia Kigoma tulilelewa na rumba ya Kongo iliyovuka ziwa kwa mawimbi ya redio, pamoja na dansi la jirani zetu wa Tabora, mji uliotoa Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz. Nyimbo nyingi za namna hiyo huanza polepole, mwimbaji akilalamika kwamba ameachwa, amefiwa au amedhulumiwa, na beti zinakwenda kwa utaratibu kana kwamba hakuna mwenye haraka ya kumfuta machozi. Kisha gitaa la solo linashika hatamu, ngoma zinaongeza kasi, maneno yanapungua hadi kubaki vibwagizo, na sebene, ile sehemu ya kuchezea, linaingia. Aliyekuwa ameinamisha kichwa anajikuta mabega yanacheza, ingawa aliyemwacha hajarudi.

Kule Kibirizi yuko mama mmoja muuza dagaa ambaye huanika mzigo wake huku redio ikining'inia kwenye mti wa kibanda. Wakati wa beti huwatawanya dagaa taratibu kwa viganja, midomo ikifuatisha maneno. Sebene likiingia, mikono nayo inashika mwendo, na hapo hataki kuulizwa bei. Siku moja nilimwomba apunguze sauti ili tuelewane, naye akanijibu, "Subiri kwanza mwanangu, hapa ndipo ninapopumulia." Sijapata maelezo bora kuliko hayo, hata kwa waliosoma.

Waliosoma nao wana lao la kusema. Mwaka 2006 Luciano Bernardi na wenzake nchini Italia walichapisha utafiti wa watu 24, nusu yao wakiwa wanamuziki, ulioonyesha kwamba pumzi, mapigo ya moyo na shinikizo la damu hupanda muziki unapokwenda kasi, na kwamba ukimya wa dakika mbili uliowekwa katikati ya nyimbo uliwatuliza zaidi kuliko hali waliyokuwa nayo kabla ya kusikia chochote. Mwaka 2011, huko Montreal, Valorie Salimpoor na Robert Zatorre walionyesha kwamba ubongo humwaga dopamini, kemikali inayohusika na raha, pale wimbo unapofika kileleni, na pia katika muda wa kukingojea kilele hicho. Ninapousoma utafiti huo ninamwona yule mama wa Kibirizi, maana beti zake za huzuni ndizo kungojea kwenyewe.

Sasa simu imekuja na tabia nyingine. Mpwa wangu, baada ya uchumba wake kuvunjika, alikuwa akilala na visikizio masikioni huku kipande kimoja cha kiitikio kikijirudia usiku kucha, sekunde chache za kilio zisizofika popote, na asubuhi alikuwa akizungumza kwa maneno yale yale ya kiitikio. Watafiti wameona kwamba watu wenye mazoea ya kuchimba na kuchimbua huzuni yao ndio ambao nyimbo za majonzi huwaacha wakiwa chini zaidi, ilhali wengine huinuka nazo wakiwa wamefarijika. Dada yangu alitaka kumnyang'anya simu. Mimi nilipinga, kwa kuwa kijana aliyenyang'anywa wimbo bado anabaki na huzuni yake.

Nilimpinga pia jirani aliyesema kwamba muziki peke yake utamponya. Tathmini ya mwaka 2017 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima tafiti za tiba, ilionyesha kwamba tiba ya muziki, ikiongezwa juu ya matibabu ya kawaida, hupunguza dalili za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, kwa muda mfupi. Lakini tiba hiyo huendeshwa na mtu aliyefunzwa, akiwa na mgonjwa, nayo haifanani na kijana kujifungia chumbani na simu. Kwa hiyo, mpwa wangu alipoanza kukataa chakula, tulimpeleka kwa mganga wa zahanati, naye alikwenda bila ubishi.

Nyimbo zangu za zamani bado hazipendi, anadai kwamba zinachelewa mno kuchangamka. Nimemwambia achague za kwake, ziwe Bongo Fleva au za ng'ambo ya ziwa, kwa sharti kwamba akiuanza wimbo aufikishe mwisho, halafu azime kabisa kwa dakika chache. La kuufikisha mwisho amelikubali. La kuzima bado tunabishana.