Usiniagize koilova kwa picha ya gari

Tulio huku Marekani tunalijua ombi hili: picha ya gari la zamani la Kimarekani kwenye WhatsApp, chini yake, "Kaka, koilova za nyuma." Picha haisaidii kitu. Koilova, yaani shokapu iliyovalishwa springi ikawa kitu kimoja, hununuliwa kwa vipimo na uzito. Ikifika Mbeya ikakataa kuingia, nauli ya kuirudisha itakuuma.

Kwanza lala chini uchungulie. Chevrolet Chevelle ya 1964 hadi 1972 nyuma ina springi za koili na mikono minne inayoshika ekseli. Hiyo ndiyo rahisi. Chevrolet Camaro ya 1967 hadi 1969 na Ford Mustang za wakati huo zimekalia springi za mabamba kama Hilux, na mabamba hayo ndiyo yanayoizuia ekseli isihame. Ukiyatoa ukafunga koilova tupu, ekseli inabaki yatima. Utahitaji mikono mipya, fito ya kuizuia kwenda pembeni, na fundi wa kuchomelea asiyebabaisha. Kama humpati, baki na mabamba, nunua shokapu nzuri, chenji weka kwenye tairi.

Chevelle nayo ina mtego wake. Kiwandani, uzito wa gari ulikalia springi. Boliti ya juu ya shokapu haikupangiwa kubeba gari. Ukifunga koilova pale pale bila kuongeza boriti kwenye chesisi, bati litapasuka, na matuta ya kati ya Makambako na Mbeya hayatakawia kulipasua.

Sasa uzito. Tafuta mizani ya jukwaa, ile ya kupimia magunia ya mahindi, inayobeba kilo 500. Pandisha tairi moja la nyuma juu yake, mengine matatu yainue kwa mbao yawe usawa ule ule, dereva akae ndani, tangi liwe nusu. Tuseme imesoma kilo 360, yaani paundi kama 795. Toa paundi 145 hivi za tairi, breki na nusu ya ekseli, kwa sababu hizo springi haizibebi. Zinabaki 650. Koilova ikiinama digrii 20 kutoka wima, mzigo kwenye springi unapanda hadi paundi 690. Springi ya paundi 175 kwa inchi, yaani inayohitaji paundi 175 ibonyee inchi moja, itabonyea karibu inchi 4. Ya 130 itabonyea zaidi ya 5. Angalia pia mwinamo: kwa digrii 20 ile ya 175 tairini inafanya kazi kama 155, kwa digrii 30 inashuka hadi 131. Watu huinamisha koilova sana ili iingie, kisha wanalaumu springi kuwa laini.

Urefu upimwe gari likiwa limesimama kwa tairi zake, kutoka katikati ya boliti ya juu hadi ya chini. Ukipata inchi 14, shokapu ya inchi 16 ikinyooka na 11 ikibonyea yote inakufaa: inchi 3 za kubonyea, 2 za kunyooka. Anayetaka gari lilale chini kama la maonyesho huzila hizo 3, halafu kila tuta ni chuma kwa chuma.

Kwenye kirungu cha kurekebisha ulaini wa shokapu, anza na laini kabisa, kaza mlio mmoja mmoja. Ukikaza mno upande wa kunyooka, kwenye rasta za barabarani springi haiwahi kurudi. Gari linachuchumaa kidogo kidogo mpaka linagonga.

Vumbi ni adui wa nyuzi za koilova, zile ambazo nati huzungukia kupandisha gari. Zisugue kwa brashi, paka grisi ya kuzuia kung'ang'ania, inua gari ndipo uzungushe nati. Usitumie mashine ya upepo, itazila nyuzi. Kwenye viungio chagua bushi za mpira. Zile za tufe la chuma zinapendeza siku ya kwanza, vumbi likiingia zinaanza kugonga.

Boliti za bushi zikazwe mwisho, gari likiwa chini kwa tairi zake, la sivyo mpira unakaa umejipinda na kuchanika mapema. Ukishakwenda Tukuyu na kurudi, ingia tena chini na spana: nati za kufungia ndizo hulegea kwanza.