Mithali kwa tarehe, na daftari la pande mbili

Natunza hesabu za depo ya vyakula Birere, hapa Goma: mchele, unga, mafuta, maharagwe. Nyumbani ni Majengo, watoto wako wadogo, na maji tunayafuata bombani. Alfajiri niko macho kwa sababu foleni ya bidoni haimngoji mtu. Mtu akiniambia nitenge saa nzima ya kimya kila asubuhi ili nikue kiroho, namheshimu, ila nadhani maji kwake yanaingia mpaka jikoni.

Kilichonifaa ni kuifunga sala kwenye kazi ambazo hata hivyo lazima nizifanye. Foleni ya maji ikawa mahali pa kusoma Mithali, katika Biblia. Kitabu hicho kina sura 31, na mama mmoja wa shirika letu, yaani jumuiya yetu ndogo ya sala, alinionyesha njia: tarehe ya leo ndiyo sura ya leo. Uzuri wake, ukiruka siku huna deni. Tarehe 9 unasoma sura ya 9, hata kama ya 8 ilikupita kwa sababu mtoto alishikwa na homa. Nawajua wengi walioanza kusoma Biblia nzima kwa mwaka wakashindwa na madeni: ukibaki nyuma wiki moja unasoma mbiombio, halafu unaacha kabisa. (Miezi ya siku 30 sura ya 31, ile ya mke mwema, inaniponyoka, na mume wangu hulalamika.)

Sura naipitia upesi, kisha nashika mstari mmoja na kuurudia mpaka bidoni zijae. Tarehe 11 mstari wenyewe unajichagua: "Mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana, bali vipimo vilivyo sawasawa humpendeza." Siku hiyo mzani wa depo naukagua kabla mteja wa kwanza hajafika. Na tarehe 27 Januari 2025, vita ilipokuwa imeingia mjini, maji na umeme vimekatika, tumelala sakafuni na watoto mbali na madirisha, hakuna aliyekwenda bombani wala kanisani. Nilifungua sura ya 27 kwa mazoea tu. Inaanza hivi: "Usijisifu kwa ajili ya kesho, kwa maana hujui yatakayozaliwa na siku moja." Niliwasomea watoto kwa sauti ya chini. Mazoea ndiyo yaliyofungua Biblia siku hiyo, maana moyo wangu ulikuwa umejaa hofu tu.

Njiani kwenda kazini ni rozari, kwa vidole, mkono ndani ya kitenge. Barabara zetu za makoro, mawe ya volkano, zinakulazimisha kutazama chini, nayo si vibaya kwa sala. Adhuhuri ni sala ya Malaika wa Bwana. Wateja wakiwa wengi naisali huku nahesabu faranga. Sikushauri, hesabu zinaingiliana.

Jioni ndiko nilikopata faida kubwa. Kabla ya kufunga depo lazima niandike mauzo: magunia yaliyotoka, pesa iliyoingia, deni la nani. Daftari lilelile nimeligeuza. Mbele ni magunia, nyuma ni siku yangu. Mtakatifu Inyasi wa Loyola alifundisha kuipitia siku kwa hatua tano: kushukuru, kuomba mwanga, kupitia saa baada ya saa, kuomba msamaha, kuazimia la kesho. Padri alitueleza kwenye mafungo ya Kwaresima, nami nikaifupisha iingie katika mistari mitatu. Kwa mfano: "Asante, homa ya mdogo imeshuka. Kijana wa chukudu nilimjibu kwa ukali mbele ya watu. Kesho nimsalimu kwanza." (Chukudu ni kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo.) Mstari wa tatu lazima uwe kitu cha kufanyika kesho na mtu anayejulikana. Nikiandika "niwe na upole zaidi", hakuna kinachobadilika. Nikiandika kijana wa chukudu, asubuhi namwona anakuja na mzigo na siwezi kujifanya nimesahau.

Mazoea hayo yalinikuta tayari siku ambayo patroni, bosi wangu, alinunua unga kwa bei rahisi. Nilipofungua gunia la kwanza, harufu ya ukungu ilinipanda puani, na unga ulikuwa umeshikana mabonge. Aliniambia tuuchanganye na mzuri, hakuna atakayejua. Nilimjibu, "Patroni, nisamehe, huu siwezi kuuandika kama unga wa kuuza." Mikono ilikuwa inatetemeka. Alinyamaza, akatoka, na baadaye magunia yakauzwa kwa wafuga nguruwe. Angeweza kunifukuza, simfanyi malaika, wala mimi shujaa. Goma tunajua shujaa ni nani. Mwenyeheri Floribert Bwana Chui, mzaliwa wa mji huu aliyekuwa mkaguzi wa bidhaa mpakani, alikataa hongo ili mchele ulioharibika usivuke mpaka, akauawa Julai 2007 akiwa na miaka 26. Alitangazwa mwenyeheri Roma tarehe 15 Juni 2025. Ninachopenda kwake ni kwamba kabla ya siku ile ya hongo alikuwa mtu wa sala na wa kuwafundisha maibobo, watoto wa mitaani, wiki baada ya wiki, bila mtu kumpigia makofi.

Bado kuna yanayonishinda. Kufunga siku ya Ijumaa na kazi ya kusimama kutwa ni vigumu, kwa hiyo naacha chai ya saa nne na pesa yake naiweka kwenye sadaka ya shirika.

Shirika letu likaniomba niwaeleze wengine lile daftari. Nikagundua mara moja kwamba nusu ya wamama hawaandiki. Mama mmoja mzee akatatua jambo kabla sijafungua mdomo: wafanye wawili wawili, kwa sauti, jioni wakichambua maharagwe. Mmoja anasema asante yake na kosa lake, mwenzake anamwuliza, "Kesho utaanza na nani?" Kesho yake jioni swali la kwanza ni kama ameanza kweli. Wao wanaulizana, daftari langu haliniulizi kitu, na nimeanza kuwaonea wivu.