Nani Alileta Janga? Siasa za Riwaya za Katuni Zinapoingia Kwenye Filamu

Ukitaka kujua filamu imeifanyia nini siasa ya riwaya ya katuni, weka kando kwanza maneno ya wahusika. Maneno mara nyingi hunakiliwa yalivyo, na msomaji akiyasikia ukumbini huridhika kwamba kitabu kimeheshimiwa. Tazama janga lililozaa dunia ile ya hadithi: nani alilileta? Halafu tazama tendo la mwisho: limefanywa na nani? Mabadiliko mazito hupitia kwenye milango hiyo miwili, na hupita kimyakimya.

Mfano unaofundisha kuliko yote ni V for Vendetta ya Alan Moore na mchoraji David Lloyd. Ilianza kuchapishwa kwa mfululizo katika jarida la Warrior mwaka 1982, Uingereza ikiwa chini ya Margaret Thatcher, ikakamilishwa na DC Comics miaka michache baadaye. Kitabuni, vita vya nyuklia vinazuka. Uingereza haipigwi bomu, ila mafuriko, njaa na vurugu vinafuata, na chama cha kifashisti kiitwacho Norsefire kinaungana na makampuni makubwa yaliyosalia, kinaahidi utulivu na kushika nchi. Watu walikuwa na njaa na hofu, wakakubali. Ndiyo maana V, mpinzani mwenye barakoa anayepigana na serikali hiyo, anapoiteka televisheni anawakaripia raia kama mwajiri anayemwonya mfanyakazi mzembe: hawa waliowatawala vibaya, ninyi ndio mliowaweka.

Filamu ya James McTeigue, iliyoingia kumbini 2006 kwa mswada wa ndugu Wachowski, inageuza chanzo. Sasa wakubwa wa chama wenyewe ndio wanaotengeneza kirusi katika kambi ya Larkhill, wanakiachia kwa raia, wanawasingizia magaidi, kisha wanavuna utajiri kupitia kampuni ya dawa. V wa filamu naye anawaambia raia kwamba wakimtafuta mwenye hatia wajitazame kwenye kioo. Maneno yamebaki, lakini hadithi imeshayanyima nguvu. Mtu aliyeuawa mtoto wake na serikali yake kwa siri, kisha akadanganywa, ana hatia gani kubwa ya kujitazama kwenye kioo? Swali la kitabu, kwa nini watu wa kawaida huukubali ufashisti, limegeuka swali la upelelezi: nani alifanya njama? Na upelelezi una raha yake, kwa sababu mhalifu akishapatikana mtazamaji anakwenda nyumbani akiwa msafi.

Kiongozi naye amebadilishwa. Adam Susan wa kitabuni ni mtu mpweke anayeuamini ufashisti kwa dhati na kuipenda kompyuta yake, Fate, kama mke. Wa kwenye filamu, Adam Sutler, ni uso unaofoka kwenye skrini kubwa, na Fate haipo kabisa. Muumini ameondoka, amebaki dikteta wa kawaida. Kwa maoni yangu hasara hii ni kubwa kuliko ile ya kirusi. Msomaji anahitaji kuona kwamba itikadi mbaya inaweza kukaa ndani ya mtu asiyejiona mwovu.

Upande wa pili wa mizani ulikuwa anakia, yaani jamii isiyo na mtawala, na kitabu kinaitaja kwa jina. V anaizungumzia sanamu ya Haki iliyo juu ya mahakama ya Old Bailey kana kwamba ni mpenzi aliyemsaliti, anaiambia amempata mwingine, na huyo mwingine ni Anakia. Baadaye, mitaa inapowaka na maduka yanapovunjwa, Evey, msichana anayefuatana na V, anauliza kama hiyo ndiyo anakia yenyewe. V anakataa: kukosa viongozi si sawa na kukosa utaratibu, na kinachoonekana mitaani ni vurugu tu. Kwenye filamu, neno anakia linatamkwa na mporaji mwenye silaha dukani. Yaani maana ambayo kitabu kilihangaika kuikanusha ndiyo filamu iliyoichagua. Moore alilalamika hadharani kwamba hadithi ya ufashisti dhidi ya anakia imefanywa ugomvi wa waliberali na wahafidhina wa Marekani, akataka jina lake liondolewe. Filamu inamtaja Lloyd peke yake.

Sasa mwisho. Kitabuni jengo la Bunge hulipuliwa mwanzoni kabisa, na V akishakufa, Evey anavaa barakoa yake. Anawaambia watu wachague, basi; hatujui watachagua nini. Kwenye filamu Bunge linahifadhiwa kwa ajili ya kilele, umati wenye barakoa zilezile unaandamana bila silaha, askari wanakosa amri na kuupisha. Picha ile ni nzuri, sikatai, na barakoa tunazoziona kwenye maandamano tangu kundi la wadukuzi la Anonymous lilipoanza kuzivaa 2008 zimerithi zaidi tukio hilo la umati kuliko ukurasa wowote wa kitabu. Lakini umati wa filamu hauna la kuamua. Umefika tu kutazama.

Hesabu ya muda inaeleza sehemu ya tatizo. Ukurasa mmoja wa mswada wa filamu hukadiriwa dakika moja ya skrini. V for Vendetta ina dakika 132. Watchmen, riwaya nyingine ya katuni ya Moore na mchoraji Dave Gibbons, matoleo 12 ya mwaka 1986 na 1987, imejengwa juu ya kurasa za visanduku tisa, na filamu ya Zack Snyder ya 2009 ina dakika 162. Lazima kitu kikatwe, na wanaokatwa kwanza ni watu wadogo. Watchmen ina kibanda cha magazeti ambako muuza magazeti na kijana msoma katuni wanabishana na kuogopa vita toleo baada ya toleo, na wapita njia tunawazoea mmoja mmoja. Toleo la 12 linapofunguka na kurasa sita nzima zenye picha mojamoja ya maiti mitaani New York, baadhi ya maiti tunawafahamu. Filamu iliyoonyeshwa kumbini ilikipunguza kibanda kikabaki kivuli, na mahali pa maiti pana mwanga na shimo. Hesabu ya Ozymandias, mhusika aliyepanga mauaji hayo, ya kuua mamilioni ili kuokoa mabilioni, inakuwa nyepesi kwa sababu mamilioni hao hawana nyuso. Kuna toleo refu la dakika 215 linalorudisha sehemu kubwa ya kibanda. Mwenye nia ya kulinganisha atumie hilo.

Wengi wanaonung'unikia filamu ile huzungumzia pweza. Kitabuni Ozymandias anatupa kiumbe bandia kama pweza mkubwa New York ili mataifa yadhani yamevamiwa kutoka nje ya dunia. Filamu inatumia milipuko katika miji kadhaa ya dunia, lawama zikimwangukia Doctor Manhattan, mhusika mwenye nguvu zisizo za kibinadamu. Kimuundo ni nadhifu. Kisiasa ina ufa: Manhattan alikuwa silaha ya Marekani, ndiye aliyewashindia vita vya Vietnam. Silaha yako ikiilipua Moscow, Warusi watakukumbatia au watakudai damu? Kiumbe asiye na taifa hakuwa na tatizo hilo.

Mabadiliko si maovu siku zote, na anayedai filamu inakili kila kisanduku hajaona Snowpiercer, filamu iliyotokana na riwaya ya katuni ya Kifaransa. Riwaya hiyo, Le Transperceneige ya Jacques Lob na mchoraji Jean-Marc Rochette, ya miaka ya 1980, inamfuata Proloff, mtu mmoja aliyetoroka mabehewa ya mkiani, ya maskini, katika treni yenye mabehewa 1,001 inayobeba walionusurika katika dunia iliyoganda kwa baridi. Anapita mbele kama mfungwa, pamoja na Adeline Belleau anayetetea watu wa mkiani, na mwisho anabaki peke yake akiihudumia injini. Ni hadithi ya kukata tamaa. Bong Joon-ho, 2013, aliuacha mwili wa treni na kubadili karibu kila mtu aliyemo. Baridi, ambayo kitabuni ilitokana na silaha ya vita, sasa inaletwa na kemikali iliyonyunyiziwa angani kupoza dunia. Badala ya mtoro mmoja kuna uasi wa tabaka zima, na Curtis, kiongozi wa uasi, akifika kwa Wilford, mwenye treni, anaelezwa kwamba hata uasi huo ulipangwa na wakubwa ili kupunguza idadi ya watu.

Pima kwa maswali yaleyale mawili. Janga limeletwa na watu waliodhani wanatengeneza, na hakuna anayejitoa lawamani kirahisi. Tendo la mwisho ni kulipua mlango wa nje, jambo ambalo Namgoong Minsu, fundi wa milango ya treni, alilitaka muda wote huku Curtis akiona mbele tu. Kinachomgeuza Curtis ni kile alichokiona chini ya sakafu: mtoto mdogo wa mkiani aliyeingizwa ndani ya mashine kufanya kazi ya kipuri kilichokwisha.