Nilivyofanya neno "pioneer" likakaa vichwani mwa wanafunzi wangu

Mi nafundisha tuisheni ya Kiingereza jioni, wengi ni watu wazima, madereva, mafundi, na mama mmoja mwenye genge la mboga. Kuna neno lilikuwa linatusumbua kweli, pioneer, wanalichanganya na engineer, mara pensioner, naandika ubaoni "mtu wa kwanza kufanya jambo" wanakopi vizuri tu, wiki ijayo limeshayeyuka.

Nikaona isiwe taabu, ngoja niwape stori ya neno lenyewe, maana kamusi kubwa zina kale kasehemu ka asili ya neno ambako watu wengi wanakaruka. Aisee nilicheka. Waingereza walilichukua kwa Wafaransa karne ya 16, pionnier, na halikuwa la sifa hata kidogo, lilikuwa la askari wa miguu wanaotangulizwa na majembe na mashoka, wachimbe mahandaki, wakate miti, watengeneze njia ili mizinga na mabosi waliopanda farasi wapite bila shida. Ukizidi kurudi nyuma unafika kwenye Kilatini, pes, yaani mguu, kulekule ilikotoka pedali ya baiskeli, na hata pawn, zile kete ndogo za mbele kwenye chesi zinazoliwa mapema, ni ukoo huohuo.

Darasani nikawawekea kwenye simu gwaride la Paris la Julai 14, wale pionniers wa Jeshi la Kigeni la Ufaransa, kikosi cha askari wanaotoka nchi mbalimbali, wana midevu, aproni ya ngozi na shoka begani. Seremala wetu akauliza, "Ticha, hawa wanaenda vitani au wanaenda kupasua mbao?" Basi hapo hapo limeingia, hakuna aliyelisahau tena. Mama wa genge akatunga sentensi yake bila kusukumwa, "I am the pioneer of tomatoes in this street," nikampa vema kubwa.

Kilichonogesha ni dereva mmoja wa malori ya Harare. Nilitaja Pioneer Column, kile kikosi cha kampuni ya Cecil Rhodes, tajiri mkoloni wa Kiingereza, kilichoingia Zimbabwe mwaka 1890 na kupandisha bendera hapo Harare ya leo, akanikatisha, wa kwanza kivipi na Washona walikuwepo siku zote? Nikamwambia kwa maana ya zamani, ya kufyeka njia, sawa, barabara kweli walikata, ila hiyo ya kuwa wa kwanza walijipa wenyewe. Hakukubali hata nusu, na mimi sikumlazimisha.