Nilivyoufuata mchanga wa jangwa la kale nikiwa Wete

Kazi niliyojipa ilikuwa kuelewa hatua kwa hatua jinsi wataalamu walivyotambua kwamba mchanga wa Navajo, ambao leo ni majabali katika majimbo ya Utah na Arizona nchini Marekani, kwa sehemu kubwa haukutoka katika milima iliyo jirani nao. Mchanga huo ulirundikwa na upepo takriban miaka milioni 190 iliyopita, na mahali pengine unene wake unapita mita 600. Mimi ninasomesha jografia hapa Wete na sina maabara. Nilikuwa na kompyuta ndogo, majedwali ya umri wa punje yaliyochapishwa na watafiti, na IsoplotR, programu ya bure ya kukokotoa umri wa miamba iliyotungwa na mtafiti Pieter Vermeesch.

Punje zinazotafutwa ni za zirkoni, madini magumu ambayo kwa kawaida huzaliwa mwamba ulioyeyuka unapoganda. Zirkoni hupokea urani kidogo lakini huikataa metali ya risasi, kwa hiyo risasi inayokutwa ndani yake baadaye ni zao la urani iliyooza, yaani iliyojigeuza polepole kuwa risasi. Urani 238 hupungua kwa nusu kila baada ya miaka bilioni 4.47, na urani 235 kila baada ya miaka milioni 704, hivyo punje moja ina saa mbili, na zinapokubaliana umri huaminika. Punje hiyo inaweza kung'oka mlimani, kuburutwa na mto, kupeperushwa na kuzikwa, na bado ikahifadhi umri wa mwamba ulioizaa.

Kabla ya kugusa majedwali nilitaka kujua ugumu wa kuzitenga. Mchanga mweupe wa fukwe zetu haukunifaa, kwa kuwa sehemu yake kubwa ni matumbawe na makombe yaliyosagika; nikachota mchanga wa kijito bondeni, nikauchekecha, nikamwaga ule laini kwa kudhani kwamba kilicho kizito lazima kiwe kikubwa, kisha nikauosha uliobaki katika sinia. Kwa siku tatu sikupata kitu. Mama, aliyekuwa akipepeta mchele barazani, alinitazama kwa muda, akasema, "Mwanangu, kwenye ungo kijiwe kidogo hubaki pamoja na punje kubwa ya mchele. Mbona wewe vidogo vyote wavimwaga?" Alikuwa amesema kanuni yenyewe. Kwa ujazo ule ule, zirkoni ina uzito wa karibu mara moja na robo tatu wa kwatzi, ambayo ndiyo madini yaliyojaa katika mchanga wa majangwa mengi, kwa hiyo upepo unaobeba punje ya kwatzi ya ukubwa fulani utaweka kando yake zirkoni iliyo ndogo zaidi. Nilirudia kwa mchanga laini, na safari hii utando wa punje nzito ulibaki chini ya sinia. Zile nyeusi zenye chuma zikashikwa na sumaku. Katika maabara kazi hii humaliziwa kwa vimiminika vizito, kisha punje hugandishwa ndani ya gundi ngumu, husuguliwa na kupigwa leza katika doa jembamba kuliko unywele.

Majedwali nayo yalinitesa. Nilikokotoa umri wa punje zote kwa uwiano wa risasi 207, inayotokana na urani 235, na risasi 206, inayotokana na urani 238, na punje changa zikatawanyika bila mpangilio, kwa sababu katika muda mfupi uwiano huo haubadiliki vya kutosha kupimika vizuri. Nilipotumia uwiano wa risasi 206 na urani 238 kwa zilizo chini ya takriban miaka bilioni moja, na kuziondoa zile ambazo saa zake mbili zilipingana, vilima vya mchoro, yaani umri unaorudiwa na punje nyingi, vilijitokeza. Nilijifunza pia kutotegemea punje chache: Vermeesch alionesha mwaka 2004 kwamba zinahitajika 117 ili mtu awe na uhakika wa asilimia 95 kuwa hakuna kundi linalozidi asilimia 5 lililomponyoka.

Miamba ya chini ya eneo lile la kusini-magharibi mwa Marekani ina umri wa miaka bilioni 1.6 hadi 1.8 hasa, pamoja na matale ya bilioni 1.4, na umri huo haukukosekana kwenye mchoro. Lakini palikuwa na kilima kikubwa cha bilioni 1.0 hadi 1.2, na kingine cha kati ya takriban milioni 300 na 500. Cha kwanza peke yake kingeweza kupewa chanzo kingine, kwa mfano miamba ya Texas. Vyote pamoja vinaelekeza milima ya Appalachian, ambako miamba ya umri huo wote iko pamoja, zaidi ya kilomita 2,000 upande wa mashariki. Wanajiolojia William Dickinson na George Gehrels walikadiria mwaka 2003 kwamba karibu nusu ya punje zilitoka huko.

Hapo nilikwama, kwa kuwa tabaka za mshazari katika majabali hayo zinaonesha upepo uliovuma kutoka kaskazini, si mashariki. Nilifunguka nilipofikiria vyombo vya kauri vya China vilivyochimbuliwa katika pwani yetu: majahazi yaliyovileta yalikuja na upepo wa kaskazi, ilhali vilifinyangwa mbali sana na yalikopakiwa. Nikachora ramani kwa chaki sakafuni. Mto ulioanzia Appalachian ulilivuka bara kuelekea magharibi, ukautua mchanga kwenye nyanda zilizokuwa kaskazini mwa jangwa, na upepo ukauchukua kutoka hapo kuushusha kusini.