Hoteli Iliyomshinda Kaka Kuchora

Kaka yangu mkubwa kazi yake ni kuchora ramani za majengo, na filamu za mizimu anaziona upuuzi mtupu. Mimi nilikuwa silali bila kuangalia moja. Usiku mmoja, baada ya kumbembeleza sana, alikubali tuangalie The Shining, ile ya mwongozaji Stanley Kubrick iliyotoka mwaka 1980, ya familia inayokaa kwenye hoteli yenye mizimu. Niliijua vizuri, nilikuwa namvizia tu aruke kwenye kiti damu itakapofurika kutoka kwenye lifti.

Hatukufika mbali. Mwanzoni tu, Jack, yule baba wa familia, anapofanyiwa usaili wa kazi ya kuilinda hoteli majira ya baridi, kaka akanyakua rimoti akasimamisha picha.

"Hebu ngoja. Hilo dirisha limetokea wapi?"

Nyuma ya meneja kuna dirisha, mwanga wa mchana unaingia, na majani yanaonekana nje. Sikuona tatizo. Akarudisha nyuma.

"Mtazame alivyoingia. Amepita mapokezi, akazidi kuingia ndani. Ofisi hii iko katikati ya jengo, mdogo wangu. Hapo nyuma panatakiwa pawe na korido, si bustani."

Akaenda kutafuta karatasi na penseli. Kuanzia hapo hatukuangalia filamu, tulipima hoteli. Danny, mtoto wa Jack, alipoanza kuzunguka na baiskeli yake ya magurudumu matatu, kamera ikamfuata kwa nyuma, chini kabisa, usawa wa matairi. Ilikuwa juu ya Steadicam, kifaa cha kuituliza kamera isitikisike mpigapicha akitembea, alichokibuni Garrett Brown, na mwenyewe ndiye aliyekuwa akiiendesha. Magurudumu yakiwa kwenye mbao yananguruma. Yakipanda zulia, kimya. Yakirudi kwenye mbao, ngurumo tena. Penseli ya kaka ikafuata kila kona. Milango mingine ilibanana hata akakosa pa kuweka vyumba vyake. Akafuta, akachora, akafuta tena mpaka karatasi ikatoboka.

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa, mimi niliyekuwa najisifu kuimaliza filamu hiyo peke yangu gizani. Picha ilikuwa imesimama, mzimu hakuna, ni korido tupu na zulia lake la maumbo ya pembe sita. Jumba lenye utando wa buibui linakuonya tangu mlangoni, nawe unaingia umejikaza. Hii hoteli ina taa kila mahali, imefagiliwa, vitanda vimetandikwa, na bado hujui ukikata kona utatokea wapi. Nilikuwa nimeiona mara nyingi nikidhani naogopa vile viumbe. (Tena viumbe si lazima: mwongozaji Robert Wise, mwaka 1963, alitutisha katika The Haunting kwa mlango wa mbao unaobonyea kuja ndani, na aliyeusukuma hatuonyeshwi.)

Kutuliza moyo, nikaanza kumweleza kaka ninayoyajua. Hoteli inayoonekana kwa nje ni Timberline Lodge, kwenye mlima Hood huko Oregon, lakini vyumba na korido vilijengwa studio, Elstree, Uingereza. Wenye hoteli waliomba hata namba ya chumba cha kutisha ibadilishwe kutoka 217 iwe 237, kwa sababu 217 wanacho na walihofia wageni watakikimbia, ila 237 hawana.

Kaka akacheka mpaka akaweka penseli chini. "Nje iko Marekani, ndani iko Uingereza, halafu unashangaa havikutani?"

Tukabishana. Yeye akasema mafundi walilipua kazi. Mimi nikashikilia kwamba ni makusudi. Miaka mingi baada ya filamu kutoka, Jan Harlan, mtayarishaji mtendaji wa filamu hiyo, alieleza kwamba jengo lilipotoshwa kwa kusudi, na kwamba ule ukumbi mkubwa wa dansi usingeweza kuenea ndani yake. Nilimtumia kaka habari hiyo usiku huohuo. Akanijibu kwamba hata kama ni makusudi, ramani ile yeye asingeigongea muhuri.