Sanduku la maoni ya kodi liko stesheneri kwangu

Mwaka jana niliweka sanduku la maoni hapa stesheneri, boksi la karatasi za A4 nikalitoboa juu nikaandika kwa maka peni TUAMBIE TUBORESHE. Baada ya mwezi nafungua nakuta ganda la pipi, vocha iliyokwanguliwa na kikaratasi kimoja, "kopi sh 100 ni nyingi". Basi. Na hapo ni stesheneri, mtu akichukia anavuka barabara anaenda kwa jirani yangu. Sasa we fikiria mamlaka ya kodi, yaani TRA, mteja wao akichukia anavuka barabara kwenda wapi?

Ndo maana nikisikia TRA wanataka maoni ya wananchi ili waboreshe huduma huwa natega sikio, manake hapa Mbagala hayo maoni nayapokea kila siku bila boksi. Watu kibao hawaombi TIN, ile namba ya mlipakodi, wenyewe kwenye simu, wanakuja na namba ya NIDA ya kitambulisho cha taifa wanakaa kwenye benchi, "kaka nifanyie". (TIN ni bure jamani, mimi nachaji mikono yangu na bando, nalisema kabisa kabla sijawasha kompyuta.) Basi mtandao ukizunguka pale ndo midomo inafunguka, na cha ajabu wengi wala hawaanzi na ukubwa wa kodi, wanaanza na kutoelewa.

Kuna mama anauza vitenge aliniuliza haya makadirio ya kodi nani anayahesabu na anahesabia nini. Nikamwambia mama, we mfanyabiashara mdogo, mauzo yako ya mwaka hayafiki hata milioni 100, kwa hiyo kodi inafuata mauzo, chini ya milioni 4 hulipi kitu, juu ya hapo inapanda, na mwenye daftari la mauzo hahesabiwi sawa na asiye nalo, halafu ikishapatikana ya mwaka mzima inakatwa vipande 4, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Akanikodolea macho. "Kumbe ni ileile moja imegawanywa?" Muda wote huo alikuwa anajua kila awamu ni kodi mpya wamemwongezea! Nikamuuliza sasa mama mbona hukwenda kuuliza, akasema "Niende kuuliza ili wajue duka langu lilipo?"

Hapo ndo naliona tatizo mimi. Anayekusanya maoni ndo huyohuyo anayekadiria na ndo huyohuyo anayepiga faini, sasa ukimpa mtu fomu ya kuuliza "umeridhika na huduma?" na juu kabisa kuna sehemu ya kujaza TIN, ataweka tiki kwenye "nimeridhika sana" arudishe kalamu yako akimbie. Nawe utaenda kuandika ripoti kwamba wateja wameridhika.

Kumbuka Kariakoo Mei 2023. Wafanyabiashara walifunga maduka siku kadhaa, Waziri Mkuu wa wakati ule, Majaliwa, akaenda kukaa nao Mnazi Mmoja, na pale mtu akishika maiki anamwaga yote, usajili wa stoo, kamatakamata za risiti, kikosi kazi cha kukusanya kodi. Umati mzima unapiga makofi. Mtu mmoja mmoja ofisini asingesema hata robo ya yale, ila wakiwa maelfu nani atamwandika nani? Hiyo njia inafanya kazi ila ni ghali mno, maduka kufungwa siku nzima ndo maoni yasikike, na Juni 2024 wakafunga tena. Ndo baadaye mwaka huohuo ikaja Tume ya Rais ya maboresho ya kodi chini ya Balozi Sefue, ikawa inapokea maoni, na TRA nao wakatangaza Alhamisi kuwa siku ya kusikiliza walipakodi. Mimi hiyo ya Alhamisi naipenda, mtu anajua siku na anajua anakwenda kwa nani.

Ila ningekuwa mimi ningeanza na sisi wa pembeni. Nitumeni mtu akae kwenye benchi langu wiki moja asivae kitambulisho, asiulize "umeridhika?", aulize tu "umekwama wapi?" Atajua ni kitufe kipi kinawashinda watu, jina la NIDA likipishana na la kwenye leseni wanahangaikaje, ni neno gani kwenye meseji linawatisha wakati maana yake ndogo tu. Waulizeni na vijana wanaouza duka, maana mwenye duka yuko nyumbani na anayebishana na EFD, ile mashine ya risiti, ni kijana wa kaunta. Halafu mkishasikia rudini mseme mlituambia hiki tumerekebisha hiki, hata kama ni kitu kimoja, mi mwenyewe yule wa "kopi ni nyingi" sikumjibu na tangu hapo sanduku liko tupu, saa hizi naweka pini za stepla.

Yule mama wa vitenge alirudi juzi kutoa kopi ya leseni. Nikamwambia mama, Alhamisi nenda kawaeleze na hili la awamu, si wewe tu hukuelewa. Akakunja kopi zake taratibu akazitia kwenye pochi. "Wakinipokea, cha kwanza wataniuliza TIN?"

Nikajifanya natafuta chenji yake.